Spika Ikikoroma, Ipimwe Kabla ya Kung'olewa

Kuna tabia moja iliyozagaa hapa Pwani ambayo kwa maoni yangu yafaa isemwe waziwazi, maana inatuharibia vitu vizuri na inayanyima masikio yetu haki yao. Mtu hununua jozi ya makasha ya spika ya zamani, yale mazito ya mbao yaliyotengenezwa Uingereza, Marekani, Denmark au Japani katika miaka ya 1970 na 1980, akayaleta nyumbani kwa furaha. Siku ya pili au ya tatu kasha moja laanza kukoroma, au sauti yake yawa kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Papo hapo hulibeba hadi kwa fundi. Fundi naye, bila ya kupima chochote, huchukua bisibisi, huing'oa spika iliyomo, hupachika nyingine ya upana uleule, aghalabu iliyotoka kwenye gari, kisha husema, "Chukua, mzee wangu, imepona." Haikupona. Imetupwa jaani, na badala yake amewekwa mgeni asiyelijua kasha lile.

Huenda msomaji akasema: ni spika tu, ikilia yatosha. Hapana, haitoshi. Marehemu Juma Bhalo alifariki mwaka 2014, na marehemu Zein l'Abdin, mwana wa Lamu na bingwa wa udi, akamfuata mwaka 2016. Hatutawasikia tena jukwaani wala harusini. Kilichobaki kwetu ni santuri na kanda, na siku hizi nakala zake zichezwazo kwa simu. Sauti iliyomo humo ni ile iliyomo. Haiwezi kuongezeka, lakini kwa spika mbovu yaweza kupungua. Nyuzi nene za udi na mapigo mazito ya ngoma hutoka katika spika kubwa ya besi. Maneno, hasa herufi kama s, sh na th, huitegemea ile spika ndogo ya juu ambayo mafundi huiita twita. Twita ikifa, mwimbaji bado asikika, na mwenye kasha hudhani mambo ni shwari, kumbe hawezi tena kupambanua baina ya "thawabu" na "sawabu". Katika taarabu, ambayo nusu ya utamu wake ni fumbo, herufi moja yaweza kugeuza ni nani aliyepigwa kijembe. Na kwa yule anayesikiliza kisomo cha Qur'ani, ambamo sin, sad na tha ni herufi tatu zenye matamko mbalimbali, hasara ni kubwa zaidi.

Kabla ya kwenda mbele tuelewane juu ya maneno, kwa sababu kwetu neno spika hutumiwa kwa sanduku zima na kwa kilichomo ndani pia. Mimi hapa nitaita kasha lile sanduku la mbao, na spika kile chombo cha mviringo kilichofungwa kwa skrubu upande wake wa mbele. Chombo chenyewe si cha miujiza. Wamarekani wawili, Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric, walikieleza mwaka 1925, na hadi leo mpango ni uleule. Koili ya waya mwembamba imegandishwa nyuma ya koni ya karatasi au plastiki, na koili hiyo yaning'inia katika mwanya wa sumaku. Umeme wa ampulifaya ukipita katika koili, koili husogea mbele na nyuma, koni ikaisukuma hewa, nasi tukasikia. Mwanya huo ni mwembamba mno, pungufu ya milimita moja kila upande wa koili. Koni nayo imeshikwa mahali pawili: nyuma kwa kitambaa kigumu chenye mikunjo, na mbele kwa pindo linalouzunguka ukingo wake. Basi vya kuharibika ni vichache: koili, nyaya ziendazo kwenye koili, sumaku iliyohama, kitambaa cha nyuma, koni na pindo. Fundi asiyeweza kukwambia ni kipi katika hivyo kilichoharibika hajaijua spika yako bado, na sioni kwa nini aruhusiwe kuing'oa.

Tena mara nyingi ugonjwa haumo katika spika kabisa. Jaribio la kwanza halitaki chombo chochote wala ufundi. Zima ampulifaya. Yahamishe makasha yenyewe, la kulia liende kushoto na la kushoto liende kulia, lakini nyaya ziache pale zilipo. Washa tena na ucheze wimbo uleule kwa sauti ileile. Ikiwa mkoromo umebaki upande uleule ulipokuwa, basi makasha yako ni mazima, na mgonjwa ni ampulifaya, au waya, au kile kinachoucheza wimbo. Ikiwa mkoromo umelifuata kasha lilikokwenda, hapo ndipo una sababu ya kulishuku. Dakika tano zatosha. Namjua bwana mmoja aliyebadilishiwa spika zote mbili za besi, akalipa bila ya kunung'unika, na kasha likaendelea kukoroma vilevile. Baadaye ilionekana kuwa kitufe cha kuongezea sauti kwenye ampulifaya kilikuwa kimejaa vumbi na kutu. Aliporudi kuzitafuta spika zake za asili, aliambiwa zimekwisha kuuzwa.

Hali kadhalika, iko ila moja ambayo si ila. Mtu hulalamika kwamba makasha yake hayana besi, udi wasikika mwembamba kama gambusi ya mtoto, na hali kila spika yalia sawasawa. Aangalie nyaya zake. Kila kasha lina kishikizo chekundu na cheusi, na ikiwa katika kasha moja nyaya zimebadilishana mahali, koni moja husukuma wakati nyenzake yavuta, na sauti za chini zauana hewani. Geuza nyaya mbili za kasha moja tu, usiguse la pili, kisha sikiliza. Upande wenye besi nyingi ndio sawa. Wako watu waliouza makasha yao kwa hasara kwa sababu ya kosa hili, na aliyeyanunua akayaunganisha ipasavyo akawa anawacheka.

Ikiwa kasha ndilo lenye ila, toa kitambaa cha mbele, cheza mtu anayesema au kuimba peke yake kwa sauti ndogo, kisha peleka sikio karibu na kila spika. Utatambua mara moja ni ipi iliyonyamaza au inayokwaruza. Kama ni ile ya besi, zima ampulifaya, fungua skrubu, itoe taratibu, na kabla ya kuzitenganisha nyaya zitie alama ili ujue ipi ilikuwa wapi. Hapo ndipo mita ya fundi inapohitajika. Spika iliyoandikwa omu 8 yapasa kuonyesha kama 5.5 hadi 7 hivi. Iliyoandikwa omu 4 huonyesha kidogo zaidi ya 3. Watu wengine hushtuka wakiona 6 badala ya 8 na kudhani spika imepungua nguvu. Sivyo. Mita hupima waya wa koili umetulia, na ile 8 ni hesabu ya spika ikiwa kazini. Mita isipoonyesha kitu, koili imekatika, au, jambo lililo jepesi zaidi, umekatika ule waya laini uliosukwa ambao hutoka kwenye vishikizo na kuingia katika koni. Waya huu hucheza maelfu ya mara kila wimbo, kwa hivyo hatimaye huchoka. Isukume koni polepole huku mita imeunganishwa. Tarakimu zikitokea na kupotea, ni waya. Fundi mwenye mkono mwepesi huufunga mwingine kwa lehemu na kazi ikaisha.

Asiye na mita aweza kutumia betri moja ndogo ya volti 1.5. Gusisha nyaya kidogo tu kisha ziondoe. Koni nzima hutikisika na kutoa mlio mfupi. Jaribio hili ni la spika ya besi peke yake. Twita isifanyiwe, koili yake ni nyembamba kama unywele. Baada ya hapo weka vidole viwili vya kila mkono juu ya koni, pande zilizoelekeana, ukaisukume ndani sawasawa huku umetega sikio. Ikienda kimya, koili haigusi kitu. Ukisikia mchakacho kama wa mchanga, koili yasugua kuta za mwanya. Huenda imeungua ikavimba, au kasha liliangushwa safarini na sumaku ikahama, au kutu imeingia mwanyani, jambo lisilo la ajabu kwetu tunaokaa karibu na hewa ya chumvi.

Lakini katika makasha ya miaka ile, mkosaji mkubwa kuliko wote ni lile pindo, na hapa nataka kukaa kidogo. Viwanda vingi vilitengeneza pindo hilo kwa sponji, kwa kuwa ni jepesi na laini. Mmarekani Edgar Villchur alikuwa ameonyesha mwaka 1954, kwa kasha lake la AR-1, kwamba ukiliziba kasha lisipitishe hewa, hewa iliyofungiwa ndani huwa kama springi na kasha dogo likatoa besi kubwa. Basi koni ilihitaji pindo linalolegea kwa urahisi, na sponji ilifaa sana kwa kazi hiyo. Ila sponji haina umri mrefu. Joto, mwanga wa jua na unyevu huivunja, na hata katika nchi za baridi huanza kumeguka baada ya miaka 10 hadi 25. Mombasa, Malindi na Lamu, ambako unyevu hautuachi mwaka mzima, haifai kutarajia huruma. Iguse kwa ncha ya kidole: ikiwa yanata kama halua au yamomonyoka kama jivu la sigara, imekwisha, hata kama bado yaonekana nzima kwa macho. Likiwa pindo limepasuka, koni huyumba, koili husugua, hewa huvuja, na kasha hukoroma hasa besi inapoingia.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo spika nyingi nzuri zinapouawa bure. Spika yenye pindo bovu si spika iliyokufa. Koili yake ni nzima, sumaku yake ni nzima, koni yake ni nzima. Inalohitaji ni pindo jipya, na mapindo hayo yangali yanatengenezwa na kuuzwa kwa vipimo mbalimbali, yaweza kuagizwa hata kutoka ng'ambo. Kazi yenyewe ni ya subira kuliko ya nguvu, na wako mafundi wa cherehani ambao wangeifanya vizuri kuliko mafundi wa redio. Sponji ya zamani na gundi yake hukwanguliwa hadi ukingo uwe safi. Pindo jipya hupimwa duara la ndani na la nje, si kwa kukisia. Hugandishwa kwanza kwenye koni, likaachwa likauke, kisha kwenye fremu. Katika hatua hii ya pili koili yapasa iwe katikati kabisa ya mwanya, la sivyo itasugua maisha. Wengine huikata ile kofia ndogo ya katikati na kuchomeka vipande vya plastiki nyembamba kuizunguka koili hadi gundi ishike. Wengine, na njia hii naipenda zaidi kwa kuwa haikati kitu, huchezea spika mlio mzito wa mizunguko 30 hivi kwa sekunde kutoka kwenye simu, kwa sauti ndogo, na kuisogeza koni taratibu mpaka mchakacho upotee. Kisha huiacha gundi ikauke bila ya kuguswa hadi siku ya pili. Na tafadhali, pindo moja likioza, badilisha na la kasha la pili pia. Yalizaliwa siku moja.

Twita ina maradhi yake. Ikinyamaza kabisa na mita isionyeshe kitu, koili imeungua, na hapo hapana dawa ila kutafuta nyingine ya aina ileile. Watu husema imeunguzwa na ampulifaya kubwa. Mara nyingi ni kinyume. Ampulifaya ndogo ikifunguliwa hadi mwisho ili harusi isikike mtaa wa pili, huishiwa na nguvu, sauti yake hukatika vichwa, na uchafu unaozalika huelekea juu, moja kwa moja kwenye twita. Twita ikilia kwa unyonge lakini mita yaonyesha koili ni nzima, shuku kigawa sauti, kile kibao kidogo ndani ya kasha kinachopeleka sauti nzito kwa spika ya besi na nyembamba kwa twita. Humo mna kapasita, na zile za maji ya umeme zilizotengenezwa miaka 40 iliyopita mara nyingi huwa zimekauka. Kapasita mpya ni kitu cha bei ndogo. Iwe na kipimo kilekile cha maikrofaradi, volti zisiwe pungufu, na iwe ya ile aina isiyo na upande wa chanya na hasi. Fundi akitia ya kawaida ya redio, yenye upande, atakuwa amekutengenezea ugonjwa wa mwaka ujao.

Kwa nini nachukia ile spika ya gari? Si kwa kiburi cha majina. Spika za gari nyingi ni za omu 4, na kasha lilifanyiwa hesabu ya omu 8, kwa hivyo kigawa sauti hugawa mahali pasipostahili na ampulifaya hubeba mzigo maradufu upande mmoja. Isitoshe, kila spika ina nguvu yake ya kulia na uzito wake wa koni, na kasha lilikatwa kwa vipimo hivyo. Shirika la BBC lilipobuni kasha dogo la LS3/5A katika miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, makasha yake yalipimwa na kuuzwa wawili wawili kwa kulinganishwa. Ikiwa mafundi wa BBC waliona haja ya kulinganisha hata spika za aina moja, zilizotoka kiwanda kimoja, sisi tutaoanishaje ya Uingereza na ya mlango wa gari? Kasha moja litalia juu na la pili chini, na mwimbaji ambaye alikuwa amesimama katikati ya chumba atahamia pembeni asirudi tena.

Sitaki kuwalaumu mafundi peke yao. Sisi wateja tumewazoesha vibaya. Tuko tayari kumlipa mtu kwa kitu kinachoonekana, spika mpya inayong'aa, lakini akikaa saa nzima na mita yake kisha akasema "ni waya tu, nimeufunga", twamwona mwizi. Fundi naye ana watoto. Ikiwa kupima hakulipwi na kubadilisha hulipwa, atabadilisha. Mimi naona tukubaliane naye mwanzoni: malipo haya ni ya kunieleza ila iko wapi, na kazi tutaizungumza baadaye. Na spika yangu ya zamani, hata ikifa, nirudishiwe mkononi.

Nao wauzaji wana lao la kujibu. Wako wanaouza kwa uaminifu, tena wengi, na wako wasiokubali kitambaa cha mbele kitolewe. "Usikiguse, kitachanika." Kila aliyekaa darasani akijua kisa cha Mtume, Sala na Salamu zimfikie, na chungu ya nafaka sokoni, iliyokuwa kavu juu na imelowa chini, na vipi alimuuliza mwenye mali kwa nini asiiweke juu ile iliyolowa watu wakaiona. Pindo lililooza nyuma ya kitambaa safi ni nafaka ileile. Muuzaji anayejua kwamba spika moja ina ila akanyamaza, asidhani amejiepusha kwa kusema "ni mitumba, hayana dhamana". Fiqhi inampa mnunuzi hiari ya kurudisha kitu chenye aibu iliyofichwa, na bei kuwa ndogo hakuifuti haki hiyo. Kwa upande mwingine, mnunuzi aliyeoneshwa pindo bovu, akapunguziwa bei, akaridhia, naye asirudi kesho kupiga kelele.

Kwa hivyo ukienda kununua, nenda na vitu vitatu: simu yenye wimbo unaoujua kwa moyo, betri moja ndogo, na mtu wa kukusaidia kubeba. Taka kitambaa kitolewe. Gusa pindo. Sukuma koni. Sikiliza kila spika peke yake, kwa sauti ndogo kwanza, kwa kuwa kelele huficha ila nyingi. Angalia kama skrubu zimekwaruzwa vichwa, dalili kwamba kasha limewahi kufunguliwa, na kama spika za makasha yote mawili zina maandishi yaleyale mgongoni. Zikiwa tofauti, uliza moja ilikwenda wapi.

Na kama umekwisha kununua kasha ambalo spika yake haina dawa, usilitupe wala usiliuze kwa anayetaka mbao. Twita yake, kibao chake cha kugawa sauti, hata vishikizo vyake vya nyuma, vyaweza kuwa ndivyo hasa anavyovitafuta mwenye jozi kama yako huko Kilifi au Tanga. Viweke mahali pakavu, uviandikie jina la kasha vilikotoka, na uwaambie mafundi unaowaamini kwamba unavyo.